Zamu Aliyoisamehe Mama

Bi Mwajuma tulimzika Magomeni, siku ya Jumatano baada ya adhuhuri, na mama yangu ndiye aliyemwosha. Mama sasa ni mtu wa kushikwa mkono anapovuka kizingiti, magoti yamemkataa kitambo, lakini alipoambiwa kuwa waoshaji wa msikitini wameshafika alijibu kwamba hakuna mkono mwingine utakaomgusa mwenzake na yeye yu hai. Akaletewa kigoda, akakaa, akamwosha polepole huku akimsemesha kama vile wako uani wanapiga soga. Alimwambia maji ni ya vuguvugu, asiogope. Sisi wanawake tuliokuwa nje ya pazia tulisikia kila neno, na wengi walilia kwa hilo kuliko walivyomlilia marehemu mwenyewe. Jirani mmoja, mama wa makamo aliyekaa nami kwenye mkeka, akanigusa paja na kuninong'oneza kwamba hajapata kuona wake wenza wa namna hii. Miaka yote ile, mume mmoja, na hata kifuniko cha sufuria hawakugombania. Kumbe inawezekana, akasema. Nikamjibu kwamba inawezekana sana, mradi wapate mtoto wa kumdanganya. Alicheka ndani ya mtandio wake, akadhani nimemfanyia utani wa msibani. Sikuwa na utani hata kidogo.

Nimeshakuwa bibi mwenye wajukuu. Katika maisha yangu nimeachwa mara moja, nimeibiwa duka zima la vitenge, na rafiki niliyemlisha amenisengenya mpaka kwa wakwe zangu. Yote hayo nimeyameza na yameshuka. Jambo la mwaka ule halijashuka. Mpaka mwezi uliopita, nilipokuwa nikiwakuta wale wawili, mama na Bi Mwajuma, wamekaa baraza moja wanachagua mchele, nilikuwa naondoka mapema, na nyuma nasikia wakisema Zainabu ana hasira za bure. Mwenye kovu usidhani kapoa. Kwa hiyo nitasimulia mwenyewe, maana wao kila wakisimulia walikuwa wanacheka.

Tulikaa Mtaa wa Narung'ombe, Kariakoo, chumba cha mbele mkono wa kulia, katika nyumba ya vyumba sita yenye ukumbi katikati na ua wa kupikia nyuma. Leo pale pana ghorofa, na chini yake wanauza mabegi. Kuta za vyumba hazikufika juu kwenye bati, kwa hiyo nyumba nzima tuliishi kama watu wa chumba kimoja. Mpangaji wa nyuma akipiga chafya, wa mbele anamwambia afya. Ndani kwetu palikuwa na kitanda kikubwa cha baba cha miguu ya kuchonga, kitanda changu cha kamba nyuma ya pazia la kitenge, kabati la vyombo, na msumari ukutani ambapo baba alikuwa akitundika koti lake. Baba alifariki mwanzoni mwa mwaka ule, tukamzika makaburi ya Kisutu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitano, niko darasa la saba. Mama akakaa eda mle ndani, miezi minne na siku kumi, bila udi wala mafuta mazuri wala kutazama kioo, na asubuhi kabla ya shule mimi ndiye niliyekaa barazani kuuza vitumbua alivyokaanga uani. Ilikuwa miaka ya foleni. Sabuni ilikatwa vipande, sukari ilipatikana kwa kujuana, na sisi tulijuana na Mangi wa duka la kona, aliyetufichia robo yetu chini ya kaunta kwa sababu alikuwa hawezi kunywa chai bila vitumbua vya mama.

Mwaka huohuo ndio mgambo walikuwa wakipita mitaani kukamata watu wasio na kazi inayoeleweka, wanawapakia kwenye malori na kuwarudisha vijijini wakalime. Mwanamke asiye na mume, anayekaanga vitumbua, hakuhesabiwa kuwa ana kazi. Mama alikuwa hajamaliza hata wiki tangu atoke eda alipokuja balozi wetu wa nyumba kumi. Nilikuwa ukumbini napepeta mchele, nikamsikia akinywa chai kwa kelele, akimpa mama pole tena, halafu akisema kwa adabu kubwa kwamba yeye ni jirani na anampenda jirani yake, lakini majina yanatakiwa, na jina la mjane asiye na kazi hawezi kulificha. Ama arudi Utete kwa shemeji zake, ama awe na mume. Mama akamuuliza kama kuna njia ya tatu. Balozi akaomba kitumbua kingine.

Utete kulikuwa na baba mkubwa, kaka yake baba. Alikwisha tuma salamu mara mbili kwamba mke wa ndugu yake ana kwao, maana yake yuko tayari kumrithi. Mimi baba mkubwa nilimpenda. Kila akija mjini alituletea asali kwenye chupa ya soda, na alikuwa na sauti ya baba, ileile, ukifumba macho huwezi kuwatofautisha. Kwa akili yangu ya wakati ule, kama ilikuwa lazima mama aolewe, kwa nini asiolewe na mwenye ile sauti? Sikujua kwamba baba mkubwa alikuwa ameshanitafutia na mimi mume kulekule, mtu mzima mwenye mashamba. Hilo mama alilijua, akalificha, kama alivyoyaficha mengi. Siku moja akaniita nyuma ya pazia akaniambia kuwa Mzee Athumani wa mashine amemposa.

Mzee Athumani tulimfahamu sote. Alikuwa akiendesha mashine ya kusaga karibu na soko, na ndiko tulikopeleka mchele wetu uliolowekwa na kuanikwa ili upate unga wa vitumbua. Mtu mrefu, mpole, anayesema kidogo, nyusi zake nyeupe kwa unga tangu asubuhi hata ukamdhania kizee, kumbe hakuwa amefika arobaini na tano. Na tulijua sote kwamba ana mke Magomeni. Nilimwambia mama kwamba akiolewa na mtu yule nitakwenda sokoni kwa Warufiji wa kwao baba wanaouza mikeka, nimpelekee ujumbe baba mkubwa aje atuchukue, na ningefanya hivyo kweli. Mama akasema nikalale.

Siku chache baadaye alikuja na maneno mengine. Alikaa kitandani pangu, akanisuka nywele, akanieleza kama anavyoelezwa mtu mzima, na mimi nikavimba kichwa kwa kuelezwa. Mume wa wake wawili hugawa siku zake, mbili huku, mbili kule. Hiyo ndiyo zamu, na ni haki ya kila mke mbele ya Mungu na watu. Lakini mke anaweza kuisamehe zamu yake, akamwachia mwenzake, na ndoa ikabaki ndoa. Yeye, akasema, atamsamehe Bi Mwajuma zamu yote. Anachotaka ni jina la mume la kumwonyesha balozi na mgambo. Mzee Athumani atakuja alasiri kunywa chai, aonekane na watu, na kabla ya magharibi atarudi kwake Magomeni. "Hatalala hapa hata siku moja," aliniambia. "Kitanda cha baba yako hakuna atakayekilalia." Halafu akanituma mimi niupeleke ujumbe huo Magomeni. Haifai, alisema, mwanamke kuingia nyumba ya mkubwa wake kabla ya ndoa, na washenga wazima wanatia chumvi. Nilikwenda kwa miguu kupitia Jangwani, nimevaa gauni la Idd, nikirudia maneno yale njia nzima nisije nikasahau hata moja.

Nyumba ya Bi Mwajuma ilikuwa safi, ua umefagiwa mistari, na yeye alikuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akisuka ukili wa mkeka. Hakuwa na mtoto, na hakupata kuwa naye. Aliitikia shikamoo yangu, akanitazama viatu, akaniambia kwanza nile, maana neno la mwenye njaa halisikiki vizuri. Alinipa wali wa nazi na samaki wa kukaanga, na mchicha uliotiwa nazi mpaka ukawa mtamu, nami nikala hadi nikaona haya. Nilipomaliza nikaketi vizuri, nikautoa ujumbe wote. Alisikiliza bila kuacha kusuka. Akauliza kama mama amesema hivyo kwa kinywa chake. Nikasema ndiyo. Hapo ndipo alipouweka ukili chini.

"Watu wazima wanadanganyana sana, mwanangu," akasema. "Mtoto hadanganyi. Niapie wewe."

Nikaapa. Wallahi, wabillahi, watallahi, mama hatachukua zamu yako. Akanifuta mafuta ya samaki kwenye kidevu kwa ncha ya khanga yake. Kisha akaniambia kwamba tangu siku ile mimi ndiye mlinzi wa neno hilo, na nisilipeleke kwa mtu mwingine yeyote, hata wa Utete, kwa sababu wakija watu wa kuvuruga, kiapo kitakachovurugika ni changu. Nilirudi Kariakoo nikitembea kama mtu aliyepewa funguo za nyumba. Kwa baba mkubwa sikutuma neno. Leo ninapofikiria jinsi lile jambo lilivyoshonwa, nashindwa hata kukasirika vizuri, maana halina uzi uliochomoza. Lilishonwa na wanawake wawili wenye akili, na kitambaa nilikuwa mimi.

Ndoa ilifungwa Ijumaa, pale pale ukumbini, kwa chai ya tangawizi na vitumbua vya bi harusi mwenyewe. Mzee Athumani akawa anakuja alasiri baada ya kufunga mashine. Alikuwa akinawa uani, lakini nyusi alizisahau kila siku, na mama alikuwa akimcheka. Mimi nilikaa mlangoni na daftari langu la hesabu, nikilinda. Jua likishuka usawa wa paa la nyumba ya mbele naanza kukohoa, na Mzee Athumani, Mungu amrehemu, alikuwa akisimama kwa kikohozi changu kama mwanafunzi aliyesikia kengele. Aliniita mama, kama watu wa pwani wanavyowaita mabinti zao. Alirekebisha bawaba ya kabati. Alinitengenezea mguu wa kitanda. Nilijitahidi kumchukia na haikuwa kazi rahisi, kwa hiyo nilichagua kutomtazama. Watoto wa mtaani walinitania kwamba nimepata baba wa mchana, nami sikujali, kwa kuwa nilijua ninacholinda na wao hawajui.

Nyuma ya pazia niliwasikia wakizungumza. Hayakuwa maneno ya mapenzi, ningeyatambua mara moja, maana wapangaji wenzetu waliyasema ya kutosha juu ya kuta zile. Walizungumza habari za unga. Siku moja mama alimuuliza kwa nini unga wake hautoki na harufu ya mahindi, wakati wenzake wote wanaopeleka mchele pale wanalalamika. Akamjibu kwamba mchele wa mama huusaga wa kwanza asubuhi, mashine ikiwa bado safi, kabla hajapokea debe la mtu. "Tangu lini?" mama akauliza. Akasema tangu zamani. Nikasikia kijiko kikikoroga chai ambayo ilikwisha korogwa. Mimi nikaendelea na hesabu zangu, nikidhani wamemaliza habari za unga. Sasa hivi, nikiwa nimesikia maneno matamu ya wanaume na kuona yalipoishia, naweza kusema kwamba mama yangu aliambiwa siku ile jambo zito kuliko yote niliyowahi kuambiwa mimi. Na nikisema kweli, namwonea wivu, na wivu huo haunipunguzii hasira.

Mgambo walikuja asubuhi moja ya soko, wakaziba mtaa pande zote mbili. Mama alikuwa barazani na karai lake. Mmoja akamwambia asimame apande lori. Akasema ana mume. Wakacheka, kila mwanamke aliyekuwa kwenye lori lile alikuwa ameshasema ana mume. Aliniambia nikalete cheti cha ndoa, nikalivuta kabati mara tatu kabla halijafunguka. Nilipotoka nacho nilimkuta Mzee Athumani ameshafika. Sijui nani alimwambia. Alikuwa amekimbia kutoka mashineni, mweupe kwa unga kuanzia kichwani hadi kwenye ndara, akihema, na alisimama kati ya mama na yule mgambo bila kumgusa mtu. "Huyu ni mke wangu," akasema. "Na yule pale ni binti yangu." Hakupandisha sauti. Yule mgambo alikichukua cheti, akakitazama juu chini, akanirudishia, wakaenda kwenye nyumba iliyofuata. Mama alibaki amemtazama mumewe, amesahau karai, na vitumbua vikaungua vyote. Hakuwahi kuunguza kitumbua hata siku ya msiba wa baba. Nilipaswa kuelewa palepale.

Badala yake nilielewa kidogo kidogo. Mama akaanza kuvaa kikuba. Mwanamke haweki asumini na majani ya mrehani kifuani kwa ajili ya balozi wa nyumba kumi. Akaanza kupika samaki wa kupaka siku za kazi. Kisha ukaingia mwezi wa Ramadhani, na mzee akawa anafuturu kwetu mara mojamoja, na hapo ulinzi wangu ukawa mgumu, kwani magharibi ndiyo saa ya kula. Jioni moja tulikula tende, uji wa mchele, mihogo ya nazi na tambi za sukari ambazo Mangi ndiye aliyejua sukari yake imetoka wapi. Magharibi ikapita. Watu wakaanza kwenda tarawehe. Mzee Athumani alikuwa ameegemea kitanda cha baba, ameegemea tu, amekaa chini, na mama alikuwa anammenyea chungwa. Nilikohoa. Nikakohoa tena. Mwishowe nikasema kwa sauti kubwa iliyopita juu ya kuta zote, "Baba, Bi Mwajuma anakungoja." Mzee akasimama, akasema ni kweli, mama, akavaa kofia yake akaondoka, na chungwa likabaki kwenye sahani. Mama hakunisemesha mpaka kesho yake jioni. Aliponisemesha alisema neno moja tu, kwamba mimi ni mtoto mgumu. Niliona ni sifa.

Baada ya Idd, siku ya kawaida kabisa, nilitoka chuoni kusoma Kurani nikakuta kwenye ule msumari wa koti la baba pametundikwa kanzu. Juu ya kitanda palikuwa na mto mpya, foronya nyeupe iliyodariziwa maua ya kijani pembeni. Mama alikuwa anafukiza udi. Hakujaribu kuficha. Aliniambia kwamba kuanzia leo baba yangu atakuwa analala hapa siku mbili, na Magomeni siku mbili.

"Baba yangu yuko Kisutu," nikamwambia.

Akasema hilo analijua kuliko mimi. Akasema zamu ikisamehewa hurudishwa pia, mwenyewe akitaka, dini inamruhusu, na kama sijui nimuulize mwalimu wangu. Nikamuuliza kuhusu kiapo changu. Akaendelea kupepea udi, akasema mambo ya watu wazima nitayaelewa nikikua. Nikatoka mbio. Ndara moja ilinikatikia kabla sijafika Msimbazi, nikaivua na ya pili, nikavuka Jangwani peku huku jua linazama. Sikuwa ninamkimbia mama. Nilikuwa nawahi kumwambia Bi Mwajuma kabla hajasikia kwa mwingine, ili ajue kwamba aliyemsaliti siyo mimi. Nilimlilia njia nzima yule mwanamke: hana mtoto, na sasa mume naye anagawanywa, na mdomo uliomhakikishia ni wangu.

Nilimkuta uani anachochea moto. Nilipiga magoti kabisa. Nikamwambia nimeapa uongo, mama ameichukua zamu, kuna kanzu msumarini na mto kitandani. Nilitegemea atapiga kelele, au atanifukuza. Alininyanyua, akanikalisha kwenye kinu kilicholazwa, akanimiminia maji kwenye miguu. "Mto wa maua ya kijani?" akauliza. Nikasema ndiyo. "Ile foronya nimedarizi mimi," akasema.

Akanieleza hapohapo, kwa upole, akiniosha matope, na kila alivyozidi upole ndivyo nilivyozidi kuumia. Mama yangu alimwendea kabla yangu. Haikuwa mara moja, zilikuwa mara tatu, na walikubaliana kila kitu. Wifi yake Bi Mwajuma alikuwa amekwisha mletea kaka yake msichana wa Mbagala ili apate kizazi, na Bi Mwajuma akaona kuliko kuletewa, bora achague mwenyewe mtu mzima aliyefiwa, mwenye adabu na shida zake. Kilichowazuia ni mimi na watu wangu wa mikeka. Baba mkubwa angekuja, mama angerithiwa, mimi ningeozwa. "Tungefanyaje, mwanangu? Tukasema tukupe neno ulishike, mpaka utulie. Zamu hakuisamehe mtu. Tulikungoja wewe tu." Na Mzee Athumani? Naye alijua. Kila nilipokohoa, alijua. Nikamwambia kwamba mimi niliapa kwa jina la Mungu. Akatabasamu, akanipangusa miguu kwa khanga yake, akasema kiapo cha mtoto Mungu hakihesabu.

Nilikuwa nimefunga Ramadhani nzima, isipokuwa siku zile ambazo mwanamke haruhusiwi kufunga. Wote wawili walijua kwamba nimeshavunja ungo. Mama mwenyewe ndiye aliyenifunda. Mtu huyo si mtoto, na kiapo chake kinaandikwa kama cha shehe. Waliniita mtu mzima waliponihitaji niape, wakaniita mtoto nilipowaletea kiapo chenyewe. Usiku ule nililala Magomeni kwa sababu Kariakoo kitanda kilikuwa na mtu. Kikulacho ki nguoni mwako, walikuwa wakiimba wakubwa wakigombana na majirani, na mimi nikajua kwamba mara nyingine nguo yenyewe ndiyo iliyokufunika utotoni.

Nilimuuliza mwalimu wa chuoni, bila kutaja jina, mtu aliyeapa kwa Mungu na neno likawa uongo afanyeje. Akasema alishe maskini kumi, na kama hana uwezo afunge siku tatu. Sikuwa na cha kulisha mtu. Nikafunga. Mama alidhani nimesusa. Aliweka sahani yangu mchana, jioni akaifunika, hakuuliza kitu. Bi Mwajuma alituma bakuli la wali, nikalirudisha. Siku ya tatu Mzee Athumani alinikuta barazani nangoja adhana, nina kikombe cha maji mkononi. Akaniuliza kama nimefunga. Nikasema ndiyo. Akauliza ni sunna. Nikamwambia hapana, ni kafara. Alisimama mbele yangu na ule unga wake, akatazama chini, na niliona kwamba amefahamu. Wote watatu, yeye peke yake ndiye aliyefahamu. Nilimngoja aseme neno. Adhana ikaanza, akaingia ndani kwa mke wake.

Waliishi vizuri. Hilo nalo lazima niliseme, ingawa linaniwasha. Mzee Athumani alimpenda mama mpaka alipokufa, na mama alimlilia kwa namna ambayo hakumlilia baba. Nyumba ya Narung'ombe ilipouzwa, mama alihamia kwa Bi Mwajuma, wakazeeka pamoja. Mimi sikuozwa Utete. Nilisoma, nikafanya biashara yangu, nikaolewa nilipotaka, hata kama baadaye niliachwa. Kwa yote hayo walikuwa na haki, na haki yao ndiyo inayoninyima pa kupeleka hasira zangu. Ningekubali waniokoe. Ningekubali hata wanidanganye, watu wazima hudanganya watoto kila siku. Lakini walichukua jina la Mungu wakalitia kinywani mwangu, na walipomaliza kazi nalo waliliacha humohumo.

Jioni ya siku tuliyomzika Bi Mwajuma, wageni walipopungua, nilimlaza mama na kumkanda magoti kwa mafuta ya karafuu. Alikuwa amechoka, sauti imemkauka kwa kuongea na maiti. Akaniambia siku yake ikifika tusimpeleke Kisutu kwa baba. Anataka pale Magomeni, Athumani upande mmoja na Mwajuma upande wa pili. Nikamwambia nimesikia. Akaushika mkono wangu, akasema kusikia hakutoshi, wanaume wa ukoo wa baba watakuja na maneno yao.

"Niapie, Zainabu."

Nilimfunika miguu kwanza. "Nitakuzika hapo, mama," nikamwambia. "Lakini sikuapii."

Akainua kichwa kutoka kwenye mto, akanitazama. Nilimtazama na mimi, nikingoja uso wake ubadilike, ukunje, uone haya, hata ukasirike. Nimengoja miaka mingi kuuona uso huo. Macho yake yalikuwa meupe na makavu, ya mzee aliyefiwa, na hayakuwa yanaficha kitu.

"Kwa nini?" akauliza.

Alikuwa ananiuliza kweli.